Hotpoti Iliyofika Mapema: Namna ya Kumlisha Mgonjwa Aliyekaa na Njaa

Saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia, nje ya wodi utaona foleni ya hotpoti. Ndani yake kuna ugali wa uwele, mlenda, kipapatio cha kuku wa kienyeji. Kwenye kikapu kuna soda mbili na pakiti ya glukosi ya unga. Kitandani amelala kijana aliyeletwa juzi kutoka kijijini, amekohoa miezi mitatu, shati linamcheza kama limetundikwa kwenye kamba. Mama yake mdogo anafunua hotpoti, anakaa ukingoni mwa kitanda. "Kula mwanangu, ona ulivyokwisha." Kijana anajitahidi. Siku ya kwanza anamaliza robo ya ugali na soda yote. Siku ya pili hamu imerudi na kila mtu anafurahi. Siku ya tatu au ya nne anaanza kuhema, miguu imejaa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, maneno yake hayaeleweki. Ndugu wanasema ugonjwa umemzidi nguvu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni kile chakula.

Jambo hili lina jina kwenye vitabu vya tiba, sindromu ya kulishwa upya, na bado halisemwi vya kutosha kwa wale wanaobeba hotpoti. Wala si jipya. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walichapisha walichokiona kwa wafungwa wa kivita wa Kijapani waliokaa na njaa kali: baadhi yao walikufa baada ya kuanza kulishwa, si kabla. Mwaka 1981 zikaandikwa habari za wagonjwa wawili waliokuwa wamekonda sana, wakapewa lishe ya mshipani yenye glukosi nyingi kwa haraka, hali zao zikaharibika upesi, wakafa. Ugogo, eneo la Dodoma, nako kuna kumbukumbu ya njaa ya mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, pale vita ya wazungu ilipokomba ng'ombe na nafaka, kisha mvua nayo ikakataa. Wanaosimulia njaa huhesabu waliokufa wakisubiri chakula. Waliokufa baada ya kukipata hawana hesabu yao.

Mtu aliyekaa na njaa hana tumbo dogo tu. Ana kemia nyingine. Anayemlisha kama aliyechelewa kula chakula cha mchana anamlisha mtu ambaye hayupo.

Kinachotokea ndani

Tukila kila siku, mwili unaendeshwa zaidi na glukosi, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango wa kuingia kwenye seli. Chakula kikikatika, akiba ya sukari kwenye ini, takribani gramu 100, inaisha ndani ya siku moja hivi. Insulini inashuka. Mwili unageukia mafuta, ini linatengeneza ketoni za kuulisha ubongo, na misuli inaanza kuliwa polepole, pamoja na ya moyo na ya kuvutia pumzi. Wakati huohuo madini yanayoishi ndani ya seli, yaani fosfati, potasiamu na magnesiamu, yanatoka kidogokidogo na kuondoka na mkojo. Kipimo cha damu kinaweza kuonesha kila kitu kiko sawa. Ni duka ambalo rafu za mbele zimepangwa vizuri na stoo ya nyuma haina hata katoni moja.

Sasa ingiza ugali na soda. Sukari inapanda, insulini inaruka juu ghafla, na inapofungua milango ya seli, fosfati, potasiamu na magnesiamu vinaingia pamoja na glukosi. Seli zinaivuta fosfati kwa pupa kwa sababu kila chembe ya glukosi inayotumika inahitaji kufungiwa fosfati kwanza, na nishati yenyewe ya mwili inatengenezwa kwa fosfati. Zile rafu za mbele zinabaki tupu ndani ya saa chache. Fosfati ya damu, ambayo kwa mtu mzima huwa kati ya milimoli 0.8 na 1.5 kwa lita, inaporomoka. Misuli ya kupumulia inakosa nguvu. Moyo uliokwisha kusinyaa unapoteza mdundo wake potasiamu na magnesiamu zikishuka. Insulini hiyohiyo inaziambia figo zishike chumvi na maji, ndiyo maana miguu inajaa.

Kuna na mwenzao ambaye husahaulika: thiamini, yaani vitamini B1. Bila hiyo glukosi haiwezi kupita hatua ya kuingia kwenye tanuri la seli, inaishia kuwa asidi ya laktiki. Akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Aliyekaa bila kula vizuri kwa muda huo, au aliyekuwa anakunywa pombe na kula kidogo, ukimjaza glukosi unaimaliza ile iliyobaki, na ubongo ndio unaolipa: macho yanacheza, mwendo unayumba, akili inapotea.

Mambo haya kwa kawaida hutokea ndani ya saa 72 za mwanzo, wakati mwingine hadi siku ya tano. Ndiyo sababu yanachanganywa na ugonjwa wenyewe: mgonjwa ndiyo kwanza amelazwa, kila kibaya kinatarajiwa.

Nani yuko hatarini

Hapa hakuna haja ya mashine. Kunahitajika mizani, futi na maswali mawili.

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2006 unahesabu mtu kuwa hatarini sana akiwa na moja tu kati ya haya: BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) chini ya 16, kupungua zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia, kutokula kabisa au kula kidogo mno kwa zaidi ya siku 10, au fosfati, potasiamu au magnesiamu kuwa chini hata kabla ya kulishwa. Au awe na mawili kati ya haya mepesi zaidi: BMI chini ya 18.5, kupungua zaidi ya asilimia 10, siku zaidi ya 5 bila kula, historia ya ulevi au dawa kama insulini, za saratani, za kupunguza asidi ya tumbo na za kukojoza.

Chukua mtu wa sentimita 162 mwenye kilo 38. Zidisha 1.62 kwa 1.62 unapata 2.62, gawanya 38 kwa hiyo, BMI ni 14.5. Huyo hahitaji mjadala. Kama alikuwa na kilo 47, amepoteza 9, ambazo ni asilimia 19.

Tatizo ni kupata hiyo 47, kwa sababu wengi hawajui uzito wao wa zamani. Kwa anayehudhuria kliniki ya VVU, tazama kadi yake ya CTC, uzito huandikwa karibu kila hudhurio. Kwa mama aliyejifungua hivi karibuni kuna kadi ya kliniki ya wajawazito. Asiye na kadi, muulize mkanda wa suruali: tundu alilokuwa anafungia mwaka jana na analofungia leo. Haitoi asilimia, lakini inatoa picha.

Mizani nayo ina hila zake. Iwe kwenye sakafu ngumu, si juu ya zulia la plastiki lililokunjamana. Isome sifuri kabla. Toa viatu, simu, kitenge cha pili na sweta. Hivyo vinne vinaweza kufika kilo mbili, na kilo mbili kwa mtu wa 38 si jambo dogo. Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya mgongo wa unyayo, miguu yote miwili, hesabu hadi tatu taratibu. Pakibaki shimo kote kuwili, uzito ulioandika una maji ndani yake, na hali ya mgonjwa ni mbaya kuliko namba inavyosema. Kosa hili linaonekana sana: mtu amevimba, mizani inasema 50, anahesabiwa kuwa na nafuu.

Siku ya kwanza, kwa vipimo vya jikoni

Kwa mtu aliye hatarini, NICE wanaanza na kisichozidi kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kupandisha taratibu hadi kufika mahitaji kamili kati ya siku ya nne na ya saba. Kwa aliyekwisha kabisa, BMI chini ya 14 au zaidi ya siku 15 bila chakula, wanaanza na 5, moyo ukiwa unafuatiliwa kwa karibu. Wataalamu wa lishe wa Marekani, ASPEN, mwaka 2020 walilegeza kidogo: 10 hadi 20 kwa kilo katika saa 24 za kwanza.

Mtu wetu wa kilo 38 basi anaanza na kilokalori 380. Nambari hiyo haina maana kwa mama mdogo, tuigeuze kuwa sufuria. Maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, mililita 400, ni vikombe viwili vya mililita 200: kilokalori 260 hivi. Unga gramu 30, vijiko vitatu vya chakula: 108. Jumla 368. Pika uji kwa maji mililita 350 kwanza hadi uive, kisha tia maziwa yaliyokwisha kuchemshwa. Unapata karibu mililita 700, ambazo unazigawa mara sita, mililita 120 kila baada ya saa tatu au nne. Mililita 120 ni zaidi kidogo ya nusu ya kikombe kile. Ndugu wakiona watadhani unamdhulumu.

Kwa nini maziwa? Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina fosforasi karibu miligramu 950. Mililita 400 zinatoa miligramu 380, ambazo ni milimoli 12. Gawanya kwa kilo 38, unapata 0.32 kwa kilo, na NICE wanashauri nyongeza ya fosfati milimoli 0.3 hadi 0.6 kwa kilo kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa vinaingia kwenye kipimo hicho bila kuandikiwa na mtu. Nyongeza hiyo kwenye mwongozo ni juu ya chakula, kwa hiyo maziwa hayafuti dawa pale vipimo vinapoonesha upungufu, lakini yanaanza kazi kabla dawa haijafika. Linganisha na uji mweupe wa sembe na sukari wenye kilokalori hizohizo: gramu 80 za sembe na vijiko vinne vya chai vya sukari. Fosfati yake haifiki hata milimoli 3, na sehemu yake imefungwa kwenye faiteti, kiambata cha nafaka kinachoshikilia madini, haifyonzwi vizuri. Nishati ni ileile, insulini inapanda hata zaidi, na stoo haijaletewa chochote. Uji mweupe wenye sukari nyingi, ambao kila mtu anaamini ndio mlaini kwa mgonjwa, ndio mbaya kuliko yote kwa siku tatu za mwanzo.

Maziwa hayatoshi kwa potasiamu. Mahitaji ni milimoli 2 hadi 4 kwa kilo, yaani 76 hadi 152 kwa mtu wetu, na zile mililita 400 zinatoa 15 tu. Hapo daktari anaandika vidonge au dawa ya maji ya potasiamu, baada ya kujua figo zinafanya kazi na mkojo unatoka. Ubuyu una potasiamu nyingi na Dodoma haukosekani. Tunasema unga mweupe wa ubuyu wenyewe, si zile punje nyekundu zilizopakwa sukari na rangi. Kijiko kimoja cha chakula ndani ya uji ni nyongeza nzuri kuanzia siku ya pili. Kwa mgonjwa wa figo, usiuguse.

Thiamini itangulie. NICE wanasema miligramu 200 hadi 300 kwa siku, kuanzia kabla ya mlo wa kwanza na kuendelea kwa siku 10. Hapa soma lebo: kidonge cha kawaida cha vitamini B mchanganyiko mara nyingi kina miligramu chache tu za B1, na kumpa vitatu kwa siku hakukaribii dozi. Vile vya pamoja vya B1, B6 na B12 vingi vina miligramu 100 za B1 kila kimoja. Lakini B6 yake ni kubwa, visigeuzwe kuwa dozi ya miezi, kwa sababu B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu.

Siku ya tatu, kama mapigo, pumzi na akili viko sawa, nenda 15 kwa kilo. Ya tano, 20. Ya saba, 30, ambazo kwake ni kilokalori 1,140. Damu ipimwe fosfati, potasiamu na magnesiamu kabla ya kuanza, kisha kila siku hadi hatari ipite. Maabara nyingi za ngazi ya chini hupima potasiamu na kuishia hapo. Isipopatikana fosfati, muuguzi abaki na saa na macho: mapigo na pumzi kila saa nne, miguu kila asubuhi, uzito kila siku. Uzito ukipanda kilo moja na nusu ndani ya siku mbili kwa mtu anayekula kilokalori 400, hiyo si nyama. Ni maji.

Dripu, soda na Lasix

Makosa matatu yanarudiarudia, na hakuna hata moja linalofanywa kwa nia mbaya.

La kwanza ni dripu ya dekstrozi. Watu hawaihesabu kuwa chakula. Lita moja ya dekstrozi ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi, karibu kilokalori 170. Lita mbili kwa siku ni 340: tayari umemaliza karibu mgawo wote wa siku ya kwanza wa mtu wetu, ukiwa glukosi tupu, bila fosfati, bila thiamini, na maji lita mbili juu ya moyo dhaifu. Kisha inafuata hotpoti. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu kilokalori 150, na glukosi ya unga ni ileile ya dripu, ila inapitia mdomoni. Isipokuwa sukari ya damu imeshuka. Hapo glukosi inatolewa mara moja, thiamini ikienda pamoja nayo, bila kusubiri kitu chochote.

La pili ni Lasix, yaani furosemidi, dawa ya kukojoza. Miguu imejaa siku ya nne, anaandikiwa furosemidi, anakojoa, uvimbe unapungua, wote wanaridhika. Lakini dawa hiyo inatoa potasiamu na magnesiamu kwa mkojo, mulemule zilimokwisha kupungua. Kinachotakiwa kwanza ni kupunguza mlo hadi nusu, kupunguza chumvi na dripu, na kupima madini. Kama mapafu yamejaa maji, hiyo ni habari nyingine na daktari ataamua.

La tatu ni la upande wa pili: kuogopa. Mtu akishasikia haya yote anaweza kumwacha mgonjwa kwenye kilokalori 400 wiki nzima, na hilo nalo linaua, polepole zaidi na kimyakimya. Mjadala haujaisha hata kwa watafiti. Mwaka 2020 huko Marekani, vijana 120 waliokonda kwa kujinyima chakula waligawanywa: wengine walianza na kilokalori 1,400 kwa siku, wengine 2,000. Waliopewa nyingi walitengemaa mapema zaidi, na madini yao hayakuharibika kuliko ya wenzao. Ila walikuwa wanapimwa damu kila siku na fosfati iko tayari kabatini. Upande mwingine, wagonjwa 339 wa vyumba vya uangalizi maalumu Australia na New Zealand, ambao fosfati ilishuka baada ya kuanza kulishwa, walipopunguziwa mlo kwa muda, asilimia 91 walikuwa hai siku ya 60, dhidi ya 78 kwa walioendelea kulishwa kama kawaida. Idadi ya siku za kuishi baada ya kutoka chumba hicho, ambayo ndiyo waliyokusudia kuipima, haikutofautiana.

Tunavyoona sisi, hawa wote wanasema jambo moja kwa pande mbili. Kasi inaruhusiwa kadiri madini yanavyofuatana na chakula na kadiri mtu anavyotazamwa. Wodi yenye muuguzi mmoja usiku kwa vitanda arobaini ianze chini.

Mtoto ni hesabu nyingine

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, mkanda wa MUAC, ule wa kupimia mzunguko wa mkono, ukisoma chini ya milimita 115 au miguu yote miwili imevimba, hatuanzi na kilokalori 10. Tunaanza karibu na 100 kwa kilo, na haimuui. Sababu ni kwamba maziwa ya F-75 yametengenezwa kwa ajili ya hatua hii: kilokalori 75 na protini gramu 0.9 kwa kila mililita 100, chumvi kidogo, madini yamewekwa ndani tayari. Mtoto wa kilo 7 asiye na uvimbe mkali anapata mililita 130 kwa kilo, yaani 910 kwa siku, ukigawa mara kumi na mbili ni 75 kila saa mbili. Usiku pia. Kipindi cha saa tisa usiku ndicho kinachorukwa zaidi, na alfajiri mtoto anakutwa wa baridi, sukari iko chini ya milimoli 3. Mwenye uvimbe mkali anashushwa hadi mililita 100 kwa kilo.

Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, F-75 inabadilishwa kwa F-100, maziwa yenye nishati zaidi, ya ujazo uleule kwa siku mbili, au chakula dawa cha pakiti, kabla ya kuongeza. Mapigo yakipanda kwa 25 na pumzi kwa 5 kwa dakika, vyote pamoja, na vikabaki hivyo vipimo viwili vya saa nne nne, rudisha nyuma. Madini ya chuma yasubiri hadi aanze kuongezeka uzito. Bibi anayeleta juisi ya rozela ya kuongeza damu siku ya kwanza aambiwe kwa heshima aiweke. "Shikamoo bibi, hii tutaihitaji, ila wiki ijayo."

Chakula ni tiba, kwa zamu yake

Isije ikaonekana tunapiga vita chakula. Uswisi, katika hospitali nane, wagonjwa 2,088 walio hatarini kilishe waligawanywa. Waliopangiwa mlo wa mtu mmoja mmoja na mtaalamu walikufa asilimia 7.2 ndani ya siku 30, wenzao waliokula chakula cha kawaida cha hospitali asilimia 9.9. Yalichapishwa 2019. India, jimbo la Jharkhand, utafiti uliotoka 2023 uligawa nafaka na jamii ya kunde kwa familia za wagonjwa wa kifua kikuu, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 39 kwa wanafamilia waliopewa mgao.

Kwetu kuna utafiti wa NUSTART, uliofanyika Mwanza na Lusaka kwa wagonjwa wa VVU 1,815 wenye BMI chini ya 18.5 waliokuwa wanaanza dawa. Wote walipewa lishe ya mafuta na karanga, nusu yao ikiwa na vitamini na madini mengi ya ziada. Vifo havikutofautiana. Wengi husoma hapo wakaacha. Cha kutazama ni mpangilio wao: gramu 30 tu kwa siku hadi wiki mbili baada ya kuanza dawa, ndipo zikaja 250. Waliojua hatari waliipanga ndani ya utafiti tangu mwanzo.

Baada ya wiki ya kwanza, tatizo linageuka: sasa mgonjwa anahitaji kingi na tumbo halibebi. Uji mwepesi wa gramu 70 za unga kwa lita una kilokalori 250. Kufikisha 1,500 anywe lita sita. Uji wa gramu 200 kwa lita unafikisha kwa lita mbili, ila ni mzito kama gundi. Dawa yake ni kimea, ambacho watafiti wa lishe Tanzania walikifanyia kazi tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, tandaza juu ya kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu, anika ukauke kabisa, sugua mizizi itoke, saga. Uji mzito ukishaiva, epua, uache upoe kidogo usichemke tena, tia kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, koroga, subiri dakika kumi. Utalainika mbele ya macho yako. Kisha urudishe motoni uchemke, kwa sababu nafaka iliyooteshwa ni uwanja wa bakteria. Ukitumia mtama badala ya ulezi, machipukizi yake yana sumu ya sianidi. Lazima yaondolewe yote. Kijiko cha chakula cha karanga za kusaga kinaongeza kilokalori 95 hivi, cha mafuta ya alizeti 120.

Ule unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka saba, soya na karanga hatuupendi sana kwa mgonjwa. Soya isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina vizuizi vya umeng'enyaji. Karanga zikisagwa pamoja, mafuta yake yanachacha ndani ya wiki chache. Na kubwa zaidi, unga ukishasagwa huwezi kuchambua punje mbovu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, ilizuka Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na kufa 20, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa chanzo. Kupika hakuondoi sumu hiyo, kukaanga hakuimalizi, na ini la aliyekonda halina ubavu nayo. Nunua karanga nzimanzima, chambua zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, saga za wiki moja.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mizani ya kupimia alizeti inaweza kutumika ikiwa ni ya jukwaa na inaanza sifuri. Isipokuwepo, chukua uzi usiovutika. Mkono wa kushoto ukining'inia umelegea, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha uzi bila kukaza, funga fundo pale unapokutana. Jumapili ijayo rudia palepale kwa uzi uleule. Fundo jipya likikaa nje ya lile la kwanza, mkono umejaa. Likirudi ndani wiki mbili mfululizo, arudi kliniki na uzi wake mfukoni.